Siku Niliyokataa Kutoka Nje

Mama mkwe wangu alikaa kwangu Kasulu wiki tano, na katika wiki hizo zote sikuwahi kumwona uso. Nilimjua kwa mgongo, kwa kitenge chake cha kijani alichokivuta kichwani akisikia hatua zangu, na kwa sauti yake iliyokuwa ikinisalimu kutoka jikoni asubuhi, "Mwakeye, baba," nami nikaitikia nikiwa upande wangu wa mlango. Mgeni angedhani tuna ugomvi. Hatukuwa na ugomvi wowote. Kwetu Waha, kwa wale wanaoshika mambo ya zamani, mama wa mke hampi mkwewe mkono, hali naye, hamtazami usoni, wala haketi chini ya paa moja naye. Mkwe akiwamo ndani, yeye hukaa nje.

Alikuja kutoka Kitahana, kule Kibondo, kwa sababu mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji na hakuweza hata kuinua ndoo. Alishuka kwenye basi na debe la maharage, kuku wawili na furushi la nguo kuukuu za kumfungia mtoto. Nilitaka kumtafutia chumba kwa jirani, akakataa. Alisema mzazi hulindwa kwa karibu. Akapanga vitu vyake katika jiko letu la nje, godoro pembeni, mafiga katikati, na kuku chini ya tenga. Hapo ndipo alipolala.

Jiko lile lilikuwa nyuma ya nyumba, na nyuma ya jiko kulikuwa na kilima. Kasulu ni mji wa kupanda na kushuka. Kiwanja cha tambarare ni cha wenye nazo; sisi wengine tunanunua mteremko, tunauchonga kwa jembe na sururu mpaka tupate mahali pa kulaza nyumba, na udongo tunaouchimba tunaufyatulia matofali. Kwa hiyo karibu kila nyumba ya mtaa wetu ilitoka tumboni mwa kilima, na nyuma yake kilima kimebaki kimesimama wima, chekundu, kama kidonda kisichofungwa. Changu kilinizidi kimo mara mbili. Fundi alinishauri nikilaze kidogo na nipande matete ya kushika udongo. Nikamwambia nitafanya mwakani, na nilimwambia hivyo miaka miwili mfululizo.

Mimi na mama tulipatana bila kukaa kikao. Asubuhi nilipotoka kwenda ghalani, nilikokuwa karani wa mizani kwa mnunuzi wa mahindi na maharage, yeye aliingia ndani. Alimkanda mwanawe kwa maji ya moto, akamwosha mtoto, akafagia, akapika uji. Jioni nikifika kwenye kona ya uzio nilikohoa mara mbili, naye akatoka kwa mlango wa nyuma. Siku nyingine nilikuta kigoda bado kina joto. Chakula kilikuwa tayari mezani kimefunikwa, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, na nilikula nikijua kwamba aliyekipika yuko hatua sita kutoka nilipo, anasubiri nilale ili naye apumzike.

Nitasema ukweli, mambo yale yalikuwa yameanza kunichosha. Nilijiona mtu wa kisasa. Nimemaliza kidato cha nne, nasoma magazeti, nasali na watu wa kila kabila. Wiki ya kwanza nilikohoa kwa heshima, ya tatu nikakohoa kwa hasira. Kule ghalani niliwafanyia wenzangu mzaha kwamba nimenunua kiwanja kwa jasho langu halafu naingia kwangu kwa kubisha hodi kama mpangaji. Walicheka sana. Heshima si utumwa, mmoja akaniambia, nami nikamjibu kwamba hii ya kwangu imekaribia.

Kisha zikaja zile mvua. Masika yetu si haba mwaka wowote, lakini mwaka ule ilinyesha kama mtu mwenye kisasi. Barabara za vijijini zikakatika, mizigo ikakoma kufika, bosi akafunga ghala akatuambia tusubiri jua. Nikarudi nyumbani. Na mimi nikiwa nyumbani, mama mkwe alikuwa jikoni kutwa nzima.

Siku mbili za mwanzo nilijua la kufanya na nililifanya. Baada ya chai nilivaa koti, nikaenda kwenye baraza la duka la mtaa, nikacheza drafti mpaka saa nane, ili mama aingie amwoshe mtoto na yeye mwenyewe akauke. Nayasema haya ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikujua.

Siku ya tatu niliamka na homa kidogo. Ilikuwa homa ya kawaida, ya kuumwa viungo na kutaka blanketi, na naitaja kwa sababu nimeitumia mno kujitetea moyoni. Sikutoka. Nilikaa sebuleni na redio. Mchana mvua ilizidi, bati likapiga kelele hata redio haikusikika, nikaizima. Mke wangu alikuwa anakwenda mlango wa nyuma na kurudi, mtoto begani, mkono mmoja ameushika mshono wake.

"Maji yanaingia jikoni," akasema. "Mama amepanda juu ya kinu."

"Mwambie aingie."

Akanitazama. Alijua kwamba najua. "Toka kidogo aingie," akasema. "Hata pale dukani."

"Katika mvua hii? Naumwa."

"Basi hata kwa jirani hapo. Mwavuli huu hapa."

Nilimwambia mambo ambayo hata leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Nilisema hii ni nyumba yangu. Nilisema mimi si ukoma, nikimtazama mama yake hatakufa. Nilisema watu wote wa kanisani wanaishi na wakwe zao, wanakula meza moja, na Mungu hajamfuta yeyote kwenye orodha yake. Kisha nikajiona mwema, nikatoa shauri: nitaingia chumbani na kufunga mlango, mama akae sebuleni. Mke wangu akatikisa kichwa. Kukaa sebuleni mkwe akiwa amelala kitandani nyuma ya ukuta mmoja, kwa mama yake kungekuwa kubaya kuliko kulowa. Hilo nalo nililijua.

Nikaenda mimi mwenyewe mlango wa nyuma. Mvua ilikuwa nyeupe, jiko lilionekana kwa taabu. Maji mekundu yalikuwa yanashuka kutoka kilimani kwa vijito, yanazunguka jiko na kupita uani. Nikapaza sauti nikiwa nimetazama pembeni, kama inavyotakiwa. "Mama, ingia ndani. Leo tusitazame mambo hayo."

Nikasikia makofi yake mawili, ya taratibu, ya kushukuru. "Asante, baba. Huku kuna moto."

Nikamgeukia mke wangu nikafungua mikono: si unaona? Nimemkaribisha, amekataa mwenyewe. Nikarudi kwenye kiti changu. Mke wangu akasimama mlangoni, akamwita tena kwa Kiha, maneno mengi ya haraka. Nilisikia jibu. Mama alisema, "Mwache apumzike, mwana wanje, mwanangu. Anaumwa." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake, na yalikuwa ya kunitetea mimi.

Mke wangu aliingia chumbani, akarudi na mabuti yangu ya mpira, akayaweka mlangoni, ncha zake zimeelekea nje. Akaweka mwavuli juu yake. Kisha akaketi, akamnyonyesha mtoto, akiwa amenipa mgongo. Niliyatazama yale mabuti kwa muda mrefu. Nikawaza: mvua ikipungua kidogo nitatoka. Nikawaza pia kwamba nikitoka sasa nitakuwa nimeshindwa nyumbani kwangu na wanawake wawili. Lile la pili ndilo lililonikalisha.

Ilikuwa kama saa kumi. Mlio haukuwa wa radi. Ulikuwa kama lori linapomwaga mchanga, ule mporomoko wa mara moja na kisha kimya, na sakafu ikatikisika chini ya miguu yangu. Mke wangu alisimama kabla yangu. Tulipofungua mlango wa nyuma hapakuwa na jiko. Palikuwa na udongo mwekundu uliofika kwenye kizingiti chetu, na juu ya udongo ule mgomba wa jirani wa juu umesimama wima na majani yake, umeshuka mzima mzima.

Nilichukua jembe. Nilipiga kelele, watu wakaja, ingawa kila upande wa mtaa kulikuwa na watu wanapiga kelele; kilima kilikuwa kimeachia sehemu nyingi kwa mkupuo. Alikuja Mkongomani mmoja muuza vitenge, wa kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa amejibanza dukani kusubiri mvua. Alitupa furushi lake chini, akanishika mkono. "Papa, acha jembe, utamukata mama," akasema. "Tutumike na mikono." Tukachimba kwa mikono. Udongo ulikuwa mzito, ukitoa karai moja yanarudi mawili. Mabati ya jiko yalikuwa yamejikunja chini yake, yalitukata vidole. Mke wangu alisimama kizingitini na mtoto, analowa, anaita mama, mama, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Tulimpata kabla giza halijaingia. Alikuwa ameketi karibu na mafiga, magoti yamekunjwa, kitenge amekivuta kichwani mpaka kidevuni. Nilimshika mkono ili nimwinue. Ndiyo mara ya kwanza kumshika mkono mama mkwe wangu, na ulikuwa bado si wa baridi. Jirani yetu, bibi mtu mzima, akanisukuma kifuani. "Wewe rudi nyuma," akasema. "Mkwe hambebi mama mkwe, hata akiwa hivi." Wakambeba wanaume wengine, Mkongomani yule akiwa upande wa kichwa. Mimi nikabaki na matope mikononi. Sura yake naijua kwa picha ya kitambulisho chake tu.

Tulihifadhiwa katika ukumbi wa kanisa pamoja na wengine waliobomokewa. Mtaa wa chini walikuwa wamekufa mama na wanawe, kwa hiyo kilio chetu kilichanganyika na vilio vingine na hapakuwa na mtu wa kumpa mwenzake pole, kila mmoja alikuwa na yake. Lakini watu hawaachi kuzungumza. Ilijulikana upesi kwamba bibi yule alikuwa amekaribishwa ndani akakataa kwa sababu ya mkwe. Jirani mmoja alinisikia kwa masikio yake nikimwita. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema mzee mmoja. Mwingine akasema mila hizi zitatumaliza. Mchungaji, alipokuja kuomba, aliwasihi watu wasiweke desturi mbele ya uhai. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele. Niliitikia kwa kichwa.

Sikusema uongo hata mara moja siku ile. Walisema alikaribishwa, na kweli alikaribishwa. Walisema alikataa, na alikataa. Hakuna aliyeniuliza kwa nini mimi sikutoka, maana watu wa mjini siku hizi hawajui tena kwamba njia ilikuwa rahisi hivyo: mwanamume kuvaa mabuti na kwenda kusimama kwenye baraza la duka. Mke wangu alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka. Maziwa yalimkauka, mtoto akalishwa uji mwepesi kwa kijiko na kina mama wengine. Kila nilipomsogelea alinipa mtoto nimshike, akalala akitazama ukutani.

Ilitupasa kumrudisha Kitahana, akalale karibu na mumewe. Barabara ilikuwa imekatika mbele ya Makere, tukasubiri siku mbili. Siku ya tatu tulipata gari dogo la mizigo, jeneza katikati, sisi pembeni tumelikalia turubai. Njia nzima tulikuwa tunashuka na kusukuma. Vilima vilikuwa vimechanika kila upande, mashamba ya mihogo yameshuka mabondeni na miche yake, na mahali pengine watu walikuwa wamesimama tu kando ya barabara wanatazama palipokuwa na nyumba. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote. Dereva alinisifu, akasema mkwe kama mimi ni wachache.

Tulizika mvua ikinyesha. Kaburi lilikuwa linajaa maji, vijana wakawa wanayateka kwa ndoo mpaka neno la mwisho la sala, na jeneza liliposhuka lilitoa mlio wa kugusa maji. Mke wangu hakulia. Shangazi zake walimwambia alie, aliyefiwa na mama hanyamazi hivyo, naye akawajibu kwamba atalia akifika kwake.

Baada ya maziko wanaume wa ukoo walikaa kwenye viti chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka karibu. Kikao cha namna hiyo hakikwepeki kwetu. Mtu hafi tu, lazima ielezwe amekufaje, na aeleze yule aliyekuwa naye. Kaka mkubwa wa mke wangu ndiye aliyeuliza. Ni mkulima, mtu mpole, anaongea kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Aliniita shemeji. Alisema hawanilaumu, wamesikia nilivyochimba kwa mikono, vidole vyangu wanaviona. Wanataka kuelewa jambo moja tu.

"Tumeambiwa ghala lilikuwa limefungwa siku hiyo," akasema. "Mvua inaingia jikoni, mama yuko jikoni. Wewe, shemeji, ulikuwa wapi?"

Pale hapakuwa Kasulu. Kila mwanamume chini ya turubai lile alikuwa na mama mkwe, na kila mmoja alijua maana ya swali. Kama nilikuwa ndani, basi mama yao hakuwa na pa kuingia, na aliyemnyima ni mimi. Wazee waliinamisha vichwa kunisubiri. Nikafungua mdomo. Nimejiuliza mara nyingi nilitaka kusema nini, na sijui. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa karibu kusema kweli.

Mke wangu akajibu kutoka kwenye mkeka. Hakuinua kichwa.

"Alikuwa ametoka," akasema. "Nilimwambia atoke, akachukua mwavuli akaenda dukani, na homa yake. Nyumba ilikuwa tupu. Nilimwita mama mara tatu aingie. Alikataa. Alisema maharage yake yataungua."

Mvua ilisikika kwenye turubai. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema kwa huzuni kwamba wanawake wa zamani ni wagumu. Shangazi mmoja akasema ni kweli, marehemu hakuwa mtu wa kuambiwa, tangu usichana wake. Wakaanza kukumbushana ubishi wake, mmoja hiki, mwingine kile, mpaka baadhi wakatabasamu. Mke wangu aliwaacha waseme. Alikuwa na mama mmoja tu, na alimtoa sadaka mbele ya ukoo wake wote ili mimi nibaki mtu. Mpaka leo hajaniambia neno juu ya siku ile, nami sijamuuliza.

Kaka yake akainuka kwenye kiti. Akaja mbele yangu, akakunja magoti kidogo, akapiga makofi taratibu kama tunavyofanya tukiomba radhi kwa mtu mzima.

"Shemeji, utusamehe," akasema. "Mama yetu amekuletea msiba nyumbani kwako kwa ubishi wake."

Watu wote walikuwa wananitazama, isipokuwa mmoja. Nikapiga makofi kumwitikia. Nikasema nimemsamehe.